Siku Nilipozipinga Taa Tulizozililia

Kama kuna mtu kati yenu anatafuta jina la aliyetaka kichochoro chetu kibaki gizani, asihangaike, ni mimi, na ushahidi upo manispaa, umepigwa mhuri, saini yangu iko juu kabisa na nimeiandika kwa mwandiko mzuri. Aibu hii nimekaa nayo karibu mwaka mzima, naisimulia nusu nusu, kila nikifika pale pa ukumbini naruka, lakini leo naisema yote, mcheke mmalize.

Naitwa Sikudhani (ndiyo, najua, na siku ile jina langu nililitendea haki). Kwetu Tanga, ila huu ni mwaka wa nane naishi Brussels, upande wa Evere, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao: nawaogesha, nawapikia supu, nawapangia vidonge, nawasikiliza wakiwasema wakwe zao. Kwa hiyo Kifaransa nakisema. Kifaransa cha supu, cha magoti yanayouma na cha mvua, hicho mtu asinifundishe. Kifaransa cha makaratasi ni kingine kabisa, lakini hilo nilikuwa silikubali, maana nilikuwa nimemaliza kozi ya jioni ya miaka miwili na nimeshawatangazia watu wote kwamba sasa sihitaji tena mtu wa kunisomea barua. Na niliyemtangazia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Furaha, jirani yangu wa mlango wa mbele.

Furaha ni mama wa Bukavu, amekuja huku zamani na mumewe, Papa Déo, na Kifaransa chake kinatiririka kama maji ya bomba. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa ananisomea barua za bima, za shule, za kila kitu, na wala hakuwahi kunisimanga. Mimi tu ndiye niliyekuwa naona sasa yatosha.

Kichochoro chetu kina nyumba hamsini zilizojipanga nyuma ya maghorofa. Waliozijenga waliziuza zote wakaondoka zao, wakatuachia nguzo mbili za taa, moja inawaka inapojisikia, nyingine haijawahi kuwaka tangu nihamie. Kibao cha jina la mtaa hakuna. Sasa Disemba huku saa kumi na moja jioni ni giza totoro, na Disemba ile Papa Déo akabanwa na pumzi, Furaha akaita gari la wagonjwa, na gari likaja upesi tu, tukalisikia likilia pale barabara kubwa, kisha likapita. Likarudi. Likapita tena. Mimi nikatoka mbio na kandambili na soksi, nikasimama katikati ya barabara kwenye mvua nikipunga mtandio mpaka wakaniona. Papa Déo alipona. Lakini yule dereva alisema neno moja ambalo Furaha alilirudia wiki nzima: kwamba kwenye ramani yake tupo, ila kwa macho hatupo.

Basi mwaka uliofuata manispaa ikatuletea barua. Kwa vile kile kichochoro kilikuwa cha watu binafsi, taa zake haziwezi kulipiwa na kodi ya mji mzima. Ila kulikuwa na njia, nayo ni eneo la tozo maalumu. Maana yake wanachora mstari kwenye ramani kuzunguka nyumba zetu hamsini, kila nyumba iliyo ndani ya mstari inachangia kidogo kila mwaka, na fedha hiyo hairuhusiwi kwenda popote isipokuwa kwenye taa na vibao vya humo humo ndani ya mstari. Wanaotaka wajiandikishe, wasiotaka wajiandikishe, na nyumba zaidi ya nusu zikipinga, mpango unafutwa. Barua hiyo (naomba mlione hili) alinisomea Furaha. Tukakumbatiana. Nikamwambia, "Saini za kuunga mkono niachie mimi. Wewe unauguza. Kichochoro chote nitakipitia mwenyewe."

Nikaenda manispaa kuchukua fomu. Mezani kulikuwa na mafungu mawili ya karatasi. La kwanza limeandikwa *Adhésion*, la pili *Réclamation*. Yule binti wa dirishani, mpole kabisa, akaniuliza kama nahitaji msaada. Hapo ndipo. Hapo hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, maana nilitabasamu kama mke wa balozi nikamjibu kwamba asante, naelewa vizuri sana.

Nikasimama nikatafakari. *Adhésion*, nikajiambia, hiyo inahusu kunata. Mimi napaka wazee plasta kila siku, na kwenye paketi za plasta kuna neno la namna hiyo hiyo, kwa hiyo hizi lazima ni fomu za kubandika matangazo. *Réclamation* je? Ah, hiyo naijua! Kuréclamer ni kudai, watu wa Kongo wanalisema kila siku, fulani ana-réclamer haki yake. Na sisi si tunadai taa? Tunadai! Nikachukua fungu la *Réclamation*, lote. Kumbe kwa lugha ya ofisi hiyo ndiyo karatasi ya malalamiko, ya pingamizi, na ile niliyoiona ya plasta ndiyo ya kujiunga.

Jamani, nilifanya kazi. Siku nne, kila nikitoka kwa wazee wangu, nagonga milango. Ukurasa wa kwanza, wenye maelezo, niliukunja nyuma ya ubao niliobania karatasi ili upepo usinisumbue, kwa hiyo watu walikuwa wanaona majedwali tu: jina, namba ya nyumba, saini. Nasema, "Kwa ajili ya taa," wanasaini. Jirani Mturuki akasaini na akanipa zeituni. João, fundi wa mapaa, Mreno, akasaini akiwa na sandwichi mdomoni. Madame Odile, bibi wa Kibelgiji asiyeona vizuri, nilimshika mkono nikamwonyesha pa kusaini. Wanjiru, mwanafunzi Mkenya wa chumba cha juu, akasaini huku anaongea na simu. Furaha mwenyewe alikuwa anageuza fufu jikoni, akasaini kwa mkono wa kushoto bila hata kutazama, na Papa Déo akaongeza yake kwenye mstari huo huo, maana nyumba yao ni moja.

Mtu mmoja tu alisoma. Monsieur Lambert, mzee mjane wa nyumba ya mwisho, anajulikana kichochoro kizima kwamba taa hazitaki na tozo haitaki. Nilimgongea kwa kutimiza wajibu tu. Akavaa miwani, akaugeuza ubao, akaukunjua ule ukurasa wa kwanza, akausoma wote, mstari kwa mstari. Kisha akanitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Hatimaye, Madame! Hatimaye mtu mwenye akili!" Akasaini. Nilirudi nyumbani naelea. Nikamwambia Furaha, "Hata Lambert nimemgeuza!" Furaha akasema, "Lambert? Haki ya Mungu, Siku, weye uko na nguvu."

Saini za nyumba thelathini na moja. Nikazipeleka, nikapewa risiti, sikuisoma.

Mkutano wa wakazi ukaitishwa jioni ya Jumanne kwenye ukumbi wa shule. Nilivaa gauni la kitenge na kilemba, maana nilijua nitatajwa. Mbele kulikuwa na afisa, mama mrefu wa sauti ya taratibu, na ukutani projekta inaonyesha picha ya kichochoro chetu kilivyo sasa na kitakavyokuwa: nguzo nane, kibao cha buluu pale mdomoni pa kuingilia. Watu wakaguna kwa raha. Afisa akasoma idadi ya nyumba, akasoma masharti, akasoma karatasi zilizopokelewa, Kifaransa cha haraka, mimi nashika neno moja katika matano, mpaka nikasikia "thelathini na moja" na "Madame Sikudhani."

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasimama, nikapunga mkono kulia, nikapunga kushoto, nikasema, "*Merci, merci*, ni kwa ajili yetu sote!" Na Monsieur Lambert naye akasimama kule nyuma akapiga makofi, peke yake, pa, pa, pa, na wenzake wawili watatu wakamfuata. Upande wangu hakuna anayepiga. Wanjiru kafungua mdomo. Mturuki anamtazama mkewe. Ndipo Furaha akanivuta kitenge kwa nguvu.

"Siku! Unafanya nini? Banasema ni weye unakatala taa!"

"Nani anakataa?"

"Weye! Na siye bote! Umetusainisha pingamizi, maman, *bon Dieu*, kaa chini!"

Sasa mtu mwenye busara angekaa. Mimi damu ilinipanda kichwani, nikaona lazima nirekebishe hapo hapo, kwa Kifaransa, mbele ya watu wote, nikitaka kusema kwamba mimi napinga hilo pingamizi. Nikapiga kelele, "*Non! Je suis contre! Contre!*" Yaani napinga! Napinga! Makofi ya Lambert yakaongezeka. Nikatoka kwenye kiti kwenda mbele kumnyang'anya yule afisa karatasi (sijui nilidhani nitazila au vipi), mguu ukanasa kwenye waya wa projekta, na ile picha ya nguzo nane na kibao cha buluu ikazimika, pu, ukuta ukabaki mweupe. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Tazameni, hata za kwenye picha amezizima." Ukumbi mzima ukacheka. Nilicheka na mimi. Ilikuwa kucheka kwa mtu aliyeanguka sokoni akasema hajaumia.

Papa Déo hakucheka. Alikuwa amekaa safu ya pili na kikopo chake cha dawa ya pumu mapajani, anatazama ule ukuta mweupe.

Mkutano ulipoisha nilibaki. Afisa hakunikaripia, nasema kweli, alinieleza polepole: pingamizi linaweza kuondolewa, lakini kila mtu aondoe lake kwa mkono wake, kwenye karatasi yake, na zote zimfikie kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Nikazihesabu siku kwa vidole. Jumatano, Alhamisi, na nusu ya Ijumaa.

Furaha alikuwa ananisubiri nje. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Miye nilisaini juu ni weye. Sikusoma juu ni weye. *Bon*, sasa uniambie, kosa yangu iko wapi?"

Angenitukana ingekuwa nafuu.

Baadaye akalainika kidogo, akapiga hesabu: nyumba ni hamsini, nusu ni ishirini na tano, kwa hiyo nikipata watu sita tu wa kuondoa saini, taa zimepona. "Chukua bantu sita banakupenda, mambo yaishe." Nikamwambia hapana. Nimewadanganya watu thelathini, nitawaendea wote thelathini, na ukurasa wa kwanza utakuwa mbele, na nitausoma kwa sauti, na anayetaka kupinga kwa kweli abaki na pingamizi lake. Furaha akanitazama. "Utausoma na Kifaransa gani?" Nikasema, "Cha kwangu hiki hiki. Wewe nifundishe kuusoma."

Tulikaa jikoni kwake, akanisomesha ule ukurasa neno kwa neno mpaka nikauelewa kweli, na mlango wangu wa kwanza ukawa wa chumba cha pili mle mle, kwa Papa Déo. Nilipiga magoti (kwetu hatupigii magoti watu ovyo, lakini yalijikunja yenyewe). Nikamwomba radhi. Akakohoa, akanyoosha mkono.

"Maman Siku, simama. Ile siku nilikosa pumuzi, nani alisimama ku barabara na mvua? Ni weye. *Donc* lete biki, nisaini. Lakini mara hii usome kwanza, nisikie."

Nikasoma. Nilikosea matamshi mahali pengi, akanirekebisha mahali pawili, kwingine akaniachia.

Jumatano na Alhamisi zikaenda hivyo. Nagonga, nasema, "Habari, nilikusainisha karatasi ya kupinga taa nikidhani ni ya kuziomba, nimekuja kukusomea." Ukishasema sentensi hiyo mara kumi inakuwa kama kumeza dawa chungu, koo linazoea. Mturuki alicheka mpaka akashika ukuta, akaita mkewe aje asikie tena, nikarudia. Wanjiru alisema, "Sikudhani, seriously? Mimi nasomea sheria hapa na nimesaini bila kusoma? Usiambie mtu," nikajua walau tuko wawili. Wengine hawakucheka. Baba mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema kwamba sasa ameelewa, na kwa kweli tozo haitaki, saini yake ibaki. Mama mmoja naye hivyo hivyo. Iliniuma, lakini niliwashukuru nikaenda mlango unaofuata. Madame Odile alinitaka nisome mara mbili, kisha akaniuliza, "Na wewe binti, nani alikusomea wewe?" Nikamwambia, hakuna, na hilo ndilo kosa.

Nyumba ya Lambert niliiacha mpaka Alhamisi jioni. Huyo hakudanganywa, alisoma, saini yake ni halali, sikuwa na cha kumwondolea. Lakini mtu ambaye amekupigia makofi peke yake ukumbini huwezi kumwacha asikie kwa jirani. Akanifungulia kwa furaha, akanikalisha, akanipa kahawa na biskuti. Nikamwambia yote. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Kwa hiyo Madame hujawahi kukubaliana na mimi?"

"Hata dakika moja, Monsieur. Samahani."

Akaniuliza ni barua gani nitaambatanisha na zile karatasi. Nikamwonyesha niliyoiandika mwenyewe, ya kumweleza afisa ilivyotokea. Akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, nikajua sasa ananirarua. Kumbe anasahihisha. Akafuta hapa, akaongeza pale, akanifafanulia kwa nini neno langu moja lilikuwa linasema kinyume (tena!). Nikamuuliza kwa nini ananisaidia wakati taa zikija atalipa na yeye. Akasema, "Mimi bado nazipinga. Tozo zikishaingia hazitoki. Lakini sitaki kushinda kwa sababu ya neno moja, dhidi ya watu ambao hawakulijua."

Ijumaa asubuhi nilibakiwa na mtu mmoja, João. Mkewe akaniambia yuko kazini Koekelberg, anaezeka paa karibu na Basilika. Furaha akasema, "Siku, zinatosha, zimepita sana, wacha huyo." Nikapanda tramu. Nilimkuta yuko juu ya jukwaa la mafundi, ghorofa ya tatu, na msimamizi hakuniruhusu kupanda kwa sababu sina kofia ngumu. Basi ikabidi niisome ile karatasi nikiwa chini, kwa kupiga kelele, ukurasa mzima, na Kifaransa changu, watu wanaopita wanasimama, mafundi wenzake wameinamia vyuma wananisikiliza kama ibada. Nilipomaliza João akapaza sauti kutoka juu, "Mimi nilijua ni ya taa!" Nikamjibu, "Na mimi pia!" Wakacheka wote juu na chini. Akashusha ndoo kwa kamba, nikatia karatasi na kalamu, ndoo ikapanda, ndoo ikashuka, na saini yake ikiwa na alama ya dole la lami.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili nilikuwa mbele ya afisa, kilemba kimelegea, nanuka jasho. Akazihesabu. Thelathini na moja zilikuwa zimebaki sita: Lambert, yule baba, yule mama, na wengine watatu ambao nao waliamua wenyewe baada ya kusikia. Akagonga mhuri, akaniuliza kama nataka risiti. Safari hii niliisoma hapo hapo dirishani, herufi kwa herufi, akanisubiri.

Mpango ukapita. Nguzo zikaja kusimikwa Juni (nani kama sisi?), wakati ambao jua la huku linatua saa nne za usiku, na siku ya kuziwasha tulitoka wote nje kuzitazama na hatukuona kitu, mwanga ndani ya mwanga. Papa Déo alikaa kwenye kiti chake mpaka tulipoanza kuziona. Kibao kilikuwa kimeshafungwa pale mdomoni, cha buluu, jina letu kamili, na Furaha alikwenda kukigusa. Lambert alilipa tozo yake ya kwanza siku ya kwanza kabisa, akaambatanisha barua ya kulalamika ya kurasa mbili. Najua kwa sababu alinionyesha, na ilikuwa kwenye ile fomu ya *Réclamation*.

Mimi kichochoroni bado wananiita Madame Contre, na watoto wao pia, na naitika. Nimeapa jambo moja tu, na nimeliapa mbele ya Furaha: siombi tena saini ya mtu mpaka yeye mwenyewe anisomee kwa sauti anachotia saini, na kama yeye hajui na mimi sijui, tutakaa wote wawili kwenye ngazi tumsubiri anayejua, hata akirudi kutoka kazini kesho.